Jua mapigo yako kabla ya sindano ya kwanza

Kama unaanza sindano za kupunguza uzito, iwe Wegovy yenye semaglutaidi au Mounjaro yenye tirzepataidi, jua kwanza mapigo yako ya kawaida. Asubuhi, kabla hujanyanyuka kitandani wala kunywa chai, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usipimie kwa dole gumba, maana lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima, andika. Rudia siku kadhaa kabla ya dozi ya kwanza, halafu endelea.

Dawa hizi huongeza kasi ya moyo hata ukiwa umetulia. Kwa semaglutaidi wastani wa ongezeko ni mapigo 1 hadi 4 kwa dakika, ingawa wapo wanaopanda 10 au zaidi. Bila namba ya mwanzo, daktari hana cha kulinganisha.

Ukihisi moyo unakwenda mbio, jiulize pia kama umekunywa maji ya kutosha. Kutapika na kuharisha, ambako ni kawaida kwa dawa hizi hasa dozi inapopandishwa, hukausha mwili na moyo hulazimika kukimbia. Kunywa kidogo kidogo. ORS, ile chumvi maalumu ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, inafaa sana.

Mapigo yakibaki juu siku baada ya siku, tafadhali mwone daktari kabla ya kudunga tena. Semaglutaidi hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo kuruka dozi moja hakuiondoi. Maumivu ya kifua, kuzimia, au maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni: nenda hospitali papo hapo.