Jinsi ya Kuitazama Sahani ya Mbao ya Wainka kwa Jicho la Fundi wa Nakshi

Vijana wanaojifunza nakshi kwangu hapa Langoni, Lamu, huwa nawahimiza watazame pia kazi za mafundi wa mbali. Makumbusho kama Metropolitan ya New York yameweka picha za hazina zao kwenye intaneti, na ukiikuza picha vizuri utaona mpaka njia ya patasi. Chombo ninachopenda waanze nacho ni sahani ya mbao yenye rangi, kazi ya Wainka wa milima ya Andes, kule Peru.

Usianze na ndege wala maua yaliyochorwa. Anza na ukingo wa rangi. Kuza picha mahali nyekundu inapokutana na mbao tupu. Rangi ya brashi hufuata nyuzi za mbao na kutambaa kidogo, hii haitambai. Imekaa sawasawa na uso wa mbao, ukingo umekatika safi. Maana yake fundi alichimba kwanza, kisha akajaza. Sasa tafuta pembe iliyobanduka. Pale utaona kishimo chenye kina kifupi, na ndani yake mikwaruzo ya kifaa. Kaa hapo, wanangu, msikimbie. Kishimo hicho kinaonyesha mkono ulielekea wapi, uligeukia wapi kwenye kona, na wapi mbao ilikataa. Ukilinganisha na milango ya Siyu, kisiwani Pate, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo rangi yake imepakwa juu ya nakshi, utaona njia mbili tofauti kabisa za kuipa mbao rangi.

Kilichojazwa ni utomvu wa mti uitwao mopa mopa, unaopatikana kwenye misitu ya kusini mwa Kolombia. Hulainishwa kwa maji ya moto, huchanganywa na rangi, huvutwa ukawa utando mwembamba, kisha hukatwa na kubandikwa kwa joto bila gundi. Mafundi wa mji wa Pasto wanaufanyia kazi hadi leo, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ujuzi huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mimi nafurahi sana kwamba mikono inayoujua bado ipo.

Kuhusu umri: mistari na miraba iliyochongwa bila rangi ni desturi ya kabla ya Wahispania kuingia mwaka 1532. Watu, ndege na maua ya rangi nyingi kwa kawaida ni kazi ya baadaye, ya Wainka waliokuwa chini ya utawala wa Wahispania. Hilo lisikupunguzie heshima kwa kazi hiyo. Ni mafundi walioshika kazi yao katika wakati mgumu.

Nyekundu hutoka kwenye zingefuri, madini mekundu ya zebaki, au kwa wadudu wa mpungate, njano kwenye madini ya aseniki, buluu kwenye nili. Nyeupe ndiyo ya kuangalia kwa makini. Wataalamu walipokuta titani, madini yanayotoa rangi nyeupe, kwenye vyombo hivi, ilikuwa rahisi kudhani vimeghushiwa au vimekarabatiwa, kwa kuwa rangi ya titani ya viwandani ni ya karne ya 20. Baadaye ikajulikana kwamba kusini mwa Peru kuna mahali titani nyeupe inapopatikana kiasili ardhini, paitwapo Giacomo Chiri. Kwa hiyo usitoe hukumu kwa rangi moja.

Uliza pia kama chombo kina mwenzake. Vikombe vyao, qero, vilichongwa viwili viwili, kwa sababu pombe ya mahindi mtu hakuinywa peke yake.

Kisha jaribu mwenyewe. Chukua kipande cha mwembe, chonga mraba wenye kina cha unene wa ukucha, kuta zisimame wima. Yeyusha nta ya nyuki kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja. Changanya unga wa ngeu, yaani udongo mwekundu, mimina, acha ipoe kabisa. Kwangua kwa bapa la patasi mpaka nta ilingane na mbao. Pembeni yake paka mraba mwingine kwa brashi, uone tofauti. Ukingo wa nta ukimeguka, patasi yako ni butu: inoe, uchonge mwingine.