Waraka, amri, agizo: jinsi ya kujua umeletewa karatasi gani

Juzi pale soko la Kiborloni, Moshi, mama mmoja muuza mitumba kaja mbio na karatasi mkononi, ati kapewa amri ahame, kuisoma kumbe ni tangazo la kikao cha wafanyabiashara Jumatano. Presha ilishapanda bure.

Anza na waraka, ndo unachanganya wengi. Neno limetoka Kiarabu, waraqa, maana yake jani, na karatasi pia. Kwenye Biblia Waraka wa Paulo kwa Warumi ni barua tu, ila serikalini waraka ni maelekezo ya mkubwa kwenda kwa walio chini yake na unakuwa na namba na mwaka, mfano Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ule wa kufuta ada sekondari za serikali mpaka kidato cha 4. Kwa hiyo kwanza kabisa angalia umeandikiwa nani. Kama ni wakurugenzi na wakuu wa shule basi wewe mzazi hujaamriwa kitu, lakini ukidaiwa ada unaushika huohuo unaenda nao kwa mkuu wa shule, kistaarabu lakini, usiende na jazba. Afu wingi wake ni nyaraka, mtu asikuambie mawaraka.

Amri nayo Kiarabu, amr, ukoo mmoja na amiri, ndo maana Rais ni Amiri Jeshi Mkuu. Ikiwa ya mahakama tafuta namba ya kesi, mhuri na sahihi, ukiviona vyote usiilaze chini ya godoro, muda wa kupinga unahesabiwa, nenda kwa wakili au masjala ya mahakama hiyohiyo uulize.

Agizo ni la kwetu Wabantu, hilohilo la kuagiza mbege kilabuni. Kiongozi anaweza kulitoa kwa mdomo tu mkutanoni, we mwombe maandishi.

Na ndugu zangu wa Arusha mnaosema Azimio la Arusha, lile la Ujamaa na Kujitegemea, lilikuwa amri ya Nyerere, hapana. Azimio linatoka kwenye azma, yaani nia. Chama cha TANU walikaa hapo Arusha mwisho wa Januari 1967, likatangazwa 5 Februari, makumbusho yake si yapo Kaloleni. Benki zilianza kutaifishwa kesho yake, na hiyo sasa ndo ilikuwa amri.