SOMO: Kuingiza mwongozo wa majeruhi mahututi wa kichwa wodini

Wadau, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Sista, mliwezaje mpaka mwongozo wa kichwa unafuatwa hata usiku?" Naandika hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nipo hospitali ya kando ya barabara kuu ya Tunduma, Mbeya. Wagonjwa wetu wanatoka kwenye bodaboda na malori.

1. Pateni sahihi ya mganga mfawidhi. Bila hiyo msianze.

2. Kubalianeni nani ni mahututi: GCS (alama za kupima fahamu, jumla 15) 8 kushuka chini. Andikeni vipande vyote vitatu (macho 4, maneno 5, viungo 6), msiandike jumla peke yake. Aliyepoteza alama kwa sababu jicho limevimba si sawa na aliyeacha kusogeza mkono.

3. Chagueni machache. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation (taasisi ya Marekani ya majeraha ya ubongo), toleo la nne la 2016, una mengi yanayotaka vifaa tusivyo navyo. Sisi tulianza na manne: oksijeni ya damu isishuke chini ya asilimia 90 (tunaanza kuhangaika ikifika 94), namba ya juu ya presha isishuke chini ya 110, kichwa kiinuliwe nyuzi 30 na shingo inyooke, na steroidi hakuna. Mwongozo unakubali 100 kwa wenye miaka 50 hadi 69. Tumeweka 110 kwa watu wazima wote, maana wengi wanaletwa bila ndugu wala kitambulisho na hujui umri.

4. Tengenezeni fomu. Hapa ndipo nilipokosea, someni taratibu.

Fomu yangu ya kwanza ilipendeza: presha, oksijeni, mboni, GCS, kila saa. Nikafundisha zamu zote, nikaridhika. Wiki ya tatu naingia asubuhi, kijana wa bodaboda amefariki alfajiri. Nikachukua fomu yake. Saa sita usiku 92/60. Saa saba 86/54. Saa nane 84/50. Saa tisa 80/46. Mwandiko safi, kila kisanduku kimejazwa, na hakuna aliyeitwa wala dripu iliyoongezwa. Muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa thelathini na kitu, na alifanya nilichomwagiza. Nilimwagiza aandike. Sikumwambia afanye nini. Nilikaa na ile karatasi chumba cha dawa, nikashindwa kuanza kazi. Ubongo ulioumia unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Presha ikishuka damu haifiki, na kile ambacho ajali ilikiacha hai kinakufa kitandani mbele yetu.

Sasa kila safu ina mstari mwekundu, na chini ya mstari kuna kitendo. Presha chini ya 110: fungulia normal saline (dripu ya maji ya chumvi), tafuta damu inakovuja (kifua, tumbo, nyonga, paja), piga simu kwa daktari, namba yake ipo palepale. Hapokei ndani ya dakika 10, piga kwa wa pili. Muuguzi haombi ruhusa kuanzisha dripu.

ONYO: dripu isiwe ya dextrose (maji ya sukari), isipokuwa kama sukari ya mgonjwa imeshuka. ONYO: manitoli (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) usimpe mwenye presha iliyoshuka, inamkojoza na kuishusha zaidi. ONYO kubwa kuliko yote: msimwadhibu mtu kwa alichoandika kwenye fomu. Mkimfokea mmoja mbele za watu, mgonjwa yeyote atakayelazwa baada ya hapo atakuwa 120/80 mpaka Desemba.

5. Ondoeni deksa (deksamethasoni, ni steroidi) kwenye trei ya kichwa. Utafiti wa CRASH wa 2004, wagonjwa 10,008, ulionyesha steroidi inaongeza vifo.

6. Kabidhianeni zamu kitandani kwa mgonjwa, fomu mkononi.

7. Kila Ijumaa toeni fomu tano. Hesabuni namba zilizovuka mstari, na ngapi kati yake zilichukuliwa hatua. Bandikeni ukutani.

MASWALI

Mdau: Mkuu, deksa mnachoma miligramu ngapi?
Jibu: Sifuri. Hatua ya 5.

Mdau: Wengi wanaletwa wamelewa tu, asubuhi wanaamka wanaondoka. Si kupoteza karatasi?
Jibu: Na asiyeamka? Harufu ya pombe haikuonyeshi kilichomo ndani ya fuvu. Mjazie fomu. Akiamka salama, umepoteza karatasi moja.

Mdau wa Makete: Shikamoo Sista. Hatuna CT (mashine ya picha za ndani ya kichwa), wala kipimo cha presha ya ndani ya fuvu. Sisi tufuate nini?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Bolivia na Ecuador, wagonjwa 324. Nusu walitibiwa kwa kipimo cha ndani ya fuvu, nusu kwa picha na uchunguzi wa kitandani. Matokeo hayakupishana. Ila wote walikuwa ICU (wodi ya uangalizi maalumu) na CT ilikuwepo, kwa hiyo usiuchukue kama ruhusa ya kubaki naye. Mwimarishe, mpe rufaa. Angalia mboni kila saa: moja ikipanuka na kukataa mwanga, au viungo vikishuka alama, piga simu huko unakompeleka. Na kabla gari halijawashwa, piga hesabu ya mtungi wa oksijeni: lita 680 kwa mwendo wa lita 10 kwa dakika zinaisha dakika 68. Linganisha na barabara yenu ya masika, kisha uongeze mtungi.

Mdau wa Njombe: Sista, Juni na Julai oksimita yetu (kipimo cha oksijeni cha kidoleni) inasoma 80 kwa watu wanaoongea vizuri.
Jibu: Vidole vya baridi. Upashe mkono joto ndani ya blanketi, futa hina au rangi ya kucha, au hamia kwenye sikio kama mna kifaa chake. Mapigo kwenye kioo yasipolingana na unayoyahesabu kwa mkono, usiiamini hiyo namba.

Mdau: Vitanda vyetu haviinuki. Tumeweka matofali chini ya miguu ya kichwani, futi moja.
Jibu: Mmefanya vizuri, hasa kama shingo inashukiwa kuumia. Ila futi moja kwa kitanda cha mita mbili ni kama nyuzi 9 tu. Mwoneni fundi seremala awachongee mbao ya pembetatu ya kuweka chini ya godoro. Kupima, sisi tuliazima seti ya hisabati ya mwanangu: ile pembetatu ndefu ya plastiki ina kona ya nyuzi 30. Tumeifunga kwa kamba kwenye kitanda namba moja.