Namna ya kuunda modeli ya daladala kwa maharage na dadu

Ukisubiri gari la Segerea jioni pale Barakuda, Tabata, utakaa mpaka miguu ichoke, halafu zinakuja daladala tatu zimefuatana. Ya kwanza konda ananing'inia mlangoni, ya tatu ina siti tupu. Abiria wengi huamini makonda wamepanga. Nafundisha hisabati sekondari, na wanafunzi waliponiuliza kama ni kweli, tuliijenga barabara mezani tukaangalia wenyewe. Nawe unaweza, na nakusihi ujaribu, maana kuna mambo ya jiji hili ambayo huwezi kuyaelewa kwa kumchunguza mtu mmoja mmoja.

Kazi hii huitwa kuunda modeli ya mawakala. Huandiki mlinganyo mmoja wa mfumo wote. Unaweka wahusika wengi, yaani mawakala, kila mmoja na kanuni zake chache, unawaachia watende, kisha unatazama kinachozuka.

Usianze na "foleni ya Dar". Ni kubwa mno. Chukua swali dogo: magari yaliyoachana sawasawa yanaweza kuja kugandana bila mtu yeyote kupanga?

Kabla ya kushika karatasi, nenda kituoni ukaongee na makonda. Waulize wanaona nini wakiwa njiani, kwa sababu wakala wako hatakiwi kujua zaidi ya anachokiona. Mmoja aliniambia, "Mama, mimi namwangalia wa mbele na wa nyuma, basi. Hesabu ya bosi inanisubiri." Hapo umeshapata kanuni: hakuna anayeiona ruti nzima. Andika kila kanuni kwa umbo hili: akiona hivi, anafanya hivi.

Sasa chora duara la vyumba 20. Kila chumba cha tano kiwe kituo, hivyo vituo ni vinne. Weka vifuniko vinne vya soda kama daladala, kimoja kila kituo. Maharage ndiyo abiria. Kila raundi, rusha dadu mara moja kwa kila kituo. Ikitoka 1 au 2, ongeza harage moja. Daladala iliyo njiani husogea chumba kimoja. Iliyo kituoni hupakia maharage mawili kwa raundi, na haiondoki mpaka kituo kiwe kitupu. Wanaoshuka waache kwanza, maharage yaliyopakiwa yarudishe koponi.

Mwanzoni zinakwenda vizuri. Halafu kituo kimoja kinapata bahati ya dadu, abiria wanakuwa wengi, daladala inakaa raundi moja ya ziada. Wakati huo kituo cha mbele yake kinaendelea kujaa, kwa hiyo ikifika huko inakaa zaidi. Ya nyuma yake inakuta vituo vimetoka kufagiliwa, haina wa kumpakia, inasogea tu. Endelea kurusha na utaziona zikigandana, ya mbele imeelemewa, ya nyuma haina kitu. Hapa ndipo wanafunzi wangu walipoacha kuwalaumu makonda, na nilifurahi mno.

Kisa cha aina hii si cha mezani tu. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la magari 22 yaliyozunguka duara la mita 230. Hapakuwa na taa wala ajali, madereva waliambiwa waende mwendo sawa, na bado foleni ilizuka, ikawa inarudi nyuma kutoka gari hadi gari. Mwanauchumi wa Marekani Thomas Schelling naye, mwaka 1971, alionyesha kwamba watu wa makundi mawili, wanaoridhika hata kama wa kundi lao ni wachache kiasi katika majirani zao, wanaweza kuishia kuishi mitaa iliyotengana kabisa, ingawa hakuna aliyetaka hivyo.

Ukishaona mgando, badilisha kanuni moja tu. Kwa mfano: daladala ikiona mwenzake yuko vyumba viwili nyuma, iondoke hata kama abiria hawajaisha. Anza upya na ulinganishe. Rudia mara nyingi, kwa sababu dadu ni bahati na mchezo mmoja hauthibitishi lolote. Mikono ikichoka, hamia NetLogo, programu ya bure iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999. Inafunguka hata kwenye kivinjari, na maktaba yake ina modeli ya foleni na ile ya Schelling. Ina pia kifaa cha kurudia jaribio mamia ya mara na kuhifadhi majibu.

Modeli kukupa ulichokitarajia hakutoshi. Umeonyesha kwamba mgando unaweza kutokea bila njama. Hujaonyesha kwamba ndicho kilichotokea Barakuda. Tafuta kitu ambacho modeli inadai na hukukiweka kwa makusudi: gari lililotanguliwa na pengo refu lazima lijae kuliko linalolifuata kwa karibu. Kakae kituoni na daftari, andika saa ya kila gari kufika na makisio ya waliosimama ndani. Daftari likikataa, kanuni zako zina pengo. Pengine umewasahau wapiga debe, au bodaboda wanaobeba waliochoka kusubiri. Bodaboda ndio ningeanza nao: abiria akimaliza raundi kumi kituoni, mtoe.