Mfundishe mtoto njia ya shule kabla hajaachwa aende peke yake

Tembea na mwanao njia nzima, saa ileile atakayopita. Barabara ya saa nne siyo ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwache atangulie akuongoze, wewe fuata kimya. Hapo ndipo utaona anavyovuka kweli, si anavyodai anavuka.

Pa kuvukia pachagueni pamoja. Kwangu ni heri azunguke kidogo kuliko avukie konani au mbele ya basi lililosimama. Gari lililoegeshwa ni ukuta kwake: dereva hamwoni, naye haoni kinachokuja. Afike ukingoni asimame kabisa, atazame pande zote mbili, asikilize, kisha amtazame dereva usoni. Gari lililopunguza mwendo bado halijasimama! Avuke akitembea, maana anayekimbia hujikwaa. Mpira ukimtoka, uende zake.

Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, atembee upande unaomwezesha kuyaona magari yanayomjia. Begi libandikwe utepe unaong'aa. Wadogo hawajui kukadiria kasi, kwa hiyo washikwe mkono, si kidole, maana kidole huchomoka.

Mengine ni ya wakubwa. Azimio la Stockholm la 2020, la mkutano wa kimataifa wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale magari na watembea kwa miguu wanapochanganyika mara kwa mara. Wazazi, andikeni barua moja kwa mamlaka inayosimamia barabara, tajeni mahali hasa, ombeni tuta na kivuko. Ambatisheni picha iliyopigwa saa ya kutoka shule.