Kabla Hujaleta Tumbawe la Kwanza Nyumbani

Sisi watu wa pwani tulilijua tumbawe kwanza kama jiwe. Kuta za Mji Mkongwe na za Lamu ni mawe hayo, na chokaa yake ilichomwa kutokana na hayo hayo. Labda ndiyo sababu mtu akitaka kufuga matumbawe kwenye tangi la maji ya chumvi huanza kufikiria mahali pa kuyapanga yapendeze. Lakini tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi vimwani visivyoonekana kwa macho, navyo hutumia mwanga kumtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake. Joto likizidi, ushirika huo huvunjika, vimwani hutoka, na mnyama hubaki mweupe na njaa. Ndivyo miamba ya Bahari ya Hindi ilivyopauka mwaka 1998. Nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la msimu wa joto, ikidumu wiki kadhaa, huweza kuleta maafa hayo.

Kwa hiyo joto ndilo jambo la kwanza, na miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi haitakusaidia sana, maana yenyewe huanza na hita. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, pima joto la sebule saa nane mchana mwezi wa Februari, si asubuhi wakati upepo bado unaingia. Tangi linataka nyuzi 25 au 26 za Selsiasi. Feni ndogo zinazopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, kwa kuwa maji yanayovukizwa huondoka na joto, lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi feni hulegea. Hapo utahitaji mashine ya kupozea maji, nayo ni ghali na hula umeme. Kama bajeti yako haifiki huko, nakusihi usubiri.

Umeme wenyewe nao una hesabu yake. Ukikatika, hofu kubwa ni oksijeni, wala si giza. Tumbawe linaweza kukaa gizani siku moja au mbili, ila maji yaliyosimama huanza kuua ndani ya saa chache, hasa kama kuna samaki. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, au uunganishe pampu ya mzunguko kwenye inveta. Kisha ufanye jaribio wakati tangi bado halina kiumbe: zima swichi kuu usiku, ukae uangalie nini kinaendelea kufanya kazi na kwa muda gani.

Maji ya bomba na ya kisima hubeba madini, klorini na mbolea za mwani. Tumia yaliyochujwa kwa osmosisi rejea, yaani kwa kusukumwa kupitia utando mwembamba, changanya chumvi ya akwariamu hadi gramu 35 kwa kilo moja ya maji, na uwe na kipimo cha kuhakikisha. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi haiondoki. Unayoongeza kila siku ni maji yasiyo na chumvi, na ukikosea hapa utakuwa unakoleza bahari yako kidogo kidogo bila kujua.

Tangi jipya liache wiki nne hadi sita bakteria wanaovunja uchafu wajijenge, mpaka amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu huo, zisome sifuri. Muda huo utumie kujifunza kupima alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi), kalsiamu na magnesiamu, kwa sababu kutokana na hizo ndipo tumbawe gumu hujenga mifupa yake. Bahari yenyewe ina kalsiamu kama miligramu 410 kwa lita na alkaliniti karibu 7 dKH, ambacho ndicho kizio chake. Wafugaji wengi hushikilia 8 au 9. Chagua kiwango kimoja ukilinde. Nimeona watu wakikimbizana na namba nzuri, leo 7, kesho 10, na ncha za matawi zikaungua. Maji ya wastani yasiyoyumba yatakukuzia matumbawe kuliko maji bora yanayopanda na kushuka. Naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vilivyomo majini, nazo zisiwe sifuri kabisa, maana tumbawe huzihitaji kidogo.

Anza na matumbawe laini, kama yale yenye umbo la uyoga au Sarcophyton. Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, isubiri tangi likomae, hata mwaka mzima. Taa zianze chini ya nusu ya nguvu zake, uziongeze kwa wiki kadhaa.

Na tumbawe ulipate wapi? Usiende kuvunja mwambani. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, na hifadhi kama Malindi, Watamu na Mafia hazikuwekwa ili tuzibebe kwenye ndoo. Tafuta vipande vilivyokuzwa na wafugaji na uombe karatasi zake.

Mwisho, weka glavu na miwani ya kukinga macho karibu na tangi kabla kipande hakijafika. Baadhi ya Palythoa, viumbe laini jamaa ya matumbawe, na jamaa zake hubeba palitoksini, sumu kali mno. Usiwasugue kwa mikono mitupu, na kamwe usichemshe jiwe lililotoka kwenye tangi: mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini.