Kabla hujashika grenda: mambo ya kuzingatia ukitaka kujenga pikipiki ya kastomu nyumbani na hela ndogo

Kwa miaka miwili nyuma ya nyumba tuliyopanga Tabata kulikuwa na fremu imeegemezwa ukutani, tenki liko uvunguni mwa kitanda na injini imefunikwa gunia la mchele, na hiyo pikipiki ilikuwa yangu. Niliifungua yote Jumapili moja asubuhi kwa furaha kubwa, mpaka saa tisa mchana ilikuwa imeshakuwa lundo la vyuma, na sikuwa nimewahi hata kuiendesha wiki moja nikajua ina shida gani. Ufundi nilikuwa nao wa kutosha, kilichokosekana ni maandalizi. Nimeshaona hiyo hali kwa vijana wengi tu, chuma kinafunguliwa kwa mzuka alafu kinaishia kuuzwa kwa kilo, na inaniuma kila nikiona, manake mtu kaweka hela aliyoipata kwa jasho. Ndo maana nataka niongelee mambo ya kabla.

Anza na pikipiki yenyewe, na kabla hujaangalia injini angalia kadi. Utauziwa chuma kwa bei ya kuokota, unaambiwa kadi ipo kwa bro Morogoro ataituma, usitoe hata mia. Chukua kadi mkononi, piga magoti uangalie namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, futa vumbi na grisi kwa kitambaa chenye petroli usome herufi moja moja, alafu namba ya injini pale chini kwenye bloku, zote zifanane na kadi. Ikiwa namba imesagwa au imepigwa rangi nzito juu yake, ondoka. Uhamisho wa umiliki fanya mapema TRA pikipiki ikiwa bado ina sura yake, usisubiri umeshaikata. Kumbuka pia kadi imeandikwa rangi, sasa kama ilikuwa nyekundu na wewe unaenda kuipiga nyeusi, hilo badiliko lipeleke likarekodiwe, la sivyo utakuwa unajieleza kwa trafiki kila Ubungo na kila Mwenge. Na ukija kupiga msasa na rangi, ile sehemu ya namba izibe na tepu, usiweke pati, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi, hapo.

Kwa mwenye bajeti ya kubana mimi nashauri chuma cha injini ya aina ya CG, yani hizi za Kichina za 125 na 150 tulizozizoea. Honda walitoa CG125 mwaka 1976 wakiwa wanataka injini ya nchi ambazo watu wanabeba mizigo mizito na oili inachelewa kubadilishwa, wakaweka fito mbili za chuma za kusukumia valvu badala ya cheni ya taimingi kwenda juu, vitu vya kuharibika vikapungua. Wachina wakanakili wee, na leo spea zake unapata mpaka dukani kijijini. Valvu unarekebisha mwenyewe na spana na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, 0.08 mm injini ikiwa imepoa, oili ni kama lita moja hivi, plagi ni D8EA ambayo haikosekani. Boxer nayo ni chaguo zuri. Kinachovutia watu ni zile XL za Honda na DT za Yamaha za zamani zilizokuwa za mashirika, nzuri sana kwa sura kusema kweli, ila ukikosa pistoni moja utakaa miezi unapiga simu, na mwenye hela ndogo hawezi kusubiri hivo.

Ukishainunua, iendeshe. Wiki mbili, kama ilivyo, mbaya hivohivo. Weka daftari dogo mfukoni uandike kila kitu, inatoa moshi wa bluu asubuhi au muda wote, gia ya tatu inaruka, usukani unavuta kushoto, ukikanyaga breki ya nyuma kuna mlio, taa inafifia ukipunguza mafuta. Hili ndo jambo ambalo ningelijua mara ya kwanza nisingepoteza ile miaka miwili. Ukishaifungua na kuikata huwezi tena kujua kipi ni ugonjwa wa zamani na kipi umekisababisha wewe, na hapo ndo mtu anapoanza kununua spea kwa kubahatisha. Kwahiyo rekebisha kwanza, iwake vizuri na isimame vizuri ikiwa na sura ya bodaboda, alafu ndo uanze kuibadilisha sura.

Sasa hela. Mara ya pili nilitenga laki nane nje ya bei ya pikipiki, na nikaigawa kabla sijanunua hata bolti. Laki tatu na nusu ikaenda kwenye vitu ambavyo hakuna mtu atakusifia, tairi mbili mpya na tyubu, breki shuu mbele na nyuma, beringi za rimu, bushi za mkono wa nyuma, seti ya cheni na sproketi zake, na shokapu za nyuma. Laki moja fundi wa viti, laki moja kuchomelea na vyuma, laki moja rangi, msasa na thina, na laki moja na nusu haiguswi, iko kwenye simu ya dada yangu, kwasababu ingekuwa kwangu ningenunua taa ya mviringo niliyoiona Kariakoo. Na ile laki na nusu iliisha yote, nakwambia, ilienda kwenye waya, gasketi, kebo ya klachi, bodaboda za kwenda na kurudi mtaa wa Gerezani na vikopo vya grisi. Wengi wanaanza na taa, vioo na hendo kwasababu ndo vinaonekana kwenye picha, na hela inaisha pikipiki ina breki za 2015.

Amua staili kwenye karatasi. Piga picha chuma chako kwa ubavuni, kamera iwe usawa wa injini, printi stesheneri kubwa kidogo alafu chora juu yake na kalamu. Ukiona mstari wa chini wa tenki na mstari wa kiti haviendani kwenye karatasi, kwenye chuma itakuwa mbaya zaidi. Na fikiria barabara yako. Hizi kafe resa tunazozipenda zilianza Uingereza miaka ya 50 na 60, vijana wanakutana sehemu kama Ace Cafe pale London pembeni ya North Circular Road, wanavua kila kisichohitajika, wanashusha hendo ili walale kwenye upepo, wengine wakawa wanachukua injini ya Triumph wanaiweka kwenye fremu ya Norton wanaiita Triton. Hawakuwa matajiri, walikuwa wanaunga na walichonacho kama sisi, hilo nalipenda sana. Lakini walikuwa na lami. Wewe ukishusha hendo zile za kushika kwenye shokapu za mbele alafu unakaa mitaa ya ndani ya Goba au Chanika, kila tuta uzito wote unaingia kwenye viganja na shingo, baada ya mwezi utakuwa huipandi. Skramba, hendo pana na kiti kilichonyooka, kwa hali zetu inakaa vizuri zaidi na ni rahisi zaidi kujenga.

Kukata fremu ya nyuma kunahitaji utulivu. Kabla hujaweka alama, toa shokapu zote mbili za nyuma, nyanyua tairi kwa mkono mpaka mwisho wa pale litakapofika shokapu ikibonyea yote, na uone limeacha nafasi gani chini ya kiti. Mimi nilifanya hivo na kipande cha mbao juu ya fremu kama kiti, nikakuta tairi inagusa mbao kabisa, na kwenye mchoro wangu ilikuwa inaonekana imeacha nafasi kubwa tu. Nikarudisha nyuma alama kwa vidole vinne. Ungekata bila kupima, siku ya kwanza ukipakia mtu ukapita kwenye shimo, tairi linakula kiti na waya za taa ya nyuma. Sehemu ya mbele ya pale shokapu zinapofungwa usiikate wala usiitoboe, hapo ndo pamebeba maisha yako. Na tairi nene la mabonde nalo lipimwe, watu wananunua alafu linasugua cheni.

Kuhusu sehemu ya kufanyia, wengi wetu ni wapangaji, tuseme ukweli. Ongea na mwenye nyumba kabla, na ongea na wapangaji wenzio kuhusu LUKU kama mnachangia mita, manake mashine ya kuchomelea inakula yuniti kwa kasi na ugomvi wake hauishi. Mimi kwangu nilikuwa nafanya kufungua, kupima, kusafisha na kufunga tu, kuchomelea nabeba fremu kwa fundi. Vifaa si vingi, spana za 8 mpaka 19, T-spana ya 10 na ya 14, bisibisi ya kugonga na nyundo kwa zile skrubu za kifuniko cha injini ambazo zimekaa miaka, plaizi, na tesita. Makopo ya Blue Band matupu omba kwa majirani, kila kopo liwe na sehemu moja ya pikipiki, umeandika nje na maka peni. Na ukienda kutoa usukani tandika shuka chini, kwenye hizi CG shingoni mna gololi ndogondogo za kuzungukia, mimi zilinimwagikia sakafuni zikaviringika mpaka chini ya kabati, nilitumia jioni nzima na tochi ya simu nikapata zote isipokuwa mbili, na bila hizo mbili usukani unakuwa na mchezo, ikabidi ninunue seti.

Waya zinatisha watu bure. Kabla hujachomoa hata soketi moja, kata tepu ya karatasi, andika "indiketa kulia nyuma", izungushie waya, alafu upande wa pili wa soketi tepu nyingine maneno yaleyale, alafu piga picha. Fanya hivo mpaka mwisho. Ni kazi ya masaa mawili inayokuchosha, ila miezi mitatu baadaye unarudisha kama unavaa viatu. Usipunguze urefu wa waya mpaka kiti, betri na taa vimeshakaa mahali pake pa mwisho. Na siku ya kuchomelea, betri itoke, CDI (kile kiboksi cha kuwashia plagi) itoke, regyuleta ya chaji itoke, maana umeme wa ile mashine ukipita humo umeviua. Tenki ndo kabisa, usimpe mtu yoyote achomelee tenki lililowahi kuwa na petroli eti kwasababu limekauka, mvuke unabaki na linalipuka, watu wanaumia vibaya kwa hilo. Tenki likiwa na tundu tafuta lingine.

Nikaribie kwenye eyaklina, hapa sikubaliani na wengi. Kile kichujio kidogo cha mviringo kinachobaki wazi kinapendeza, ila vumbi letu linapita na linasaga ringi, na kikiwa wazi pamoja na ekzosi fupi injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, inapata moto, ukitoa plagi unaikuta nyeupe badala ya kahawia. Itabidi ubadilishe jeti ya kabureta, kale katundu kanakopitisha mafuta, ujaribu moja baada ya nyingine. Kama hela ni ndogo acha boksi la eyaklina lilelile, lifiche na kava za pembeni. Sailensa pia iwe na kizuia kelele ndani, kuna watoto wachanga mtaani.

Fundi wa kuchomelea mpelekee kipande kimeshakatwa na kimeshapimwa, kasimame naye mpaka amalize, ukimwachia ukaondoka atafanya anavyoona yeye. Indiketa, kioo, honi, taa ya breki na pleti vyote viwekee nafasi kwenye mchoro tangu mwanzo.

Siku ya kwanza ya kuiendesha usiende mbali. Zunguka mtaa mara tano mwendo wa gia ya pili, jaribu breki ya nyuma peke yake, alafu ya mbele, rudi, ikipoa chukua spana upite nati moja moja. Alafu tena baada ya kilomita 50. Mimi kwenye hizo 50 nilikuta ule mkono wa chuma unaoshika sahani ya breki shuu za nyuma isizunguke na tairi, nati yake imelegea imebaki na ngazi tatu tu za uzi, spliti pini nilisahau kuirudisha, ilikuwa bado kwenye kopo lake.